Nyumba imechoka na hupendi mambo ya mapambo? Fuata hatua hizi, tena kwa mpangilio huu huu

Kila anayeniuliza kuhusu hili stori yake inafanana na ya mwenzie. Nyumba imechoka, mtu kaamua sasa basi, kaenda kununua mito ya sofa, chombo cha maua, picha mbili za ukutani na labda kikapeti, karudi kapanga vizuri, baada ya wiki anaangalia anaona nyumba ni ile ile, imechoka vile vile ila sasa ina vitu vingi zaidi. Anakata tamaa, anasema mi sina jicho la mapambo.

Jicho lake halina shida yoyote, kaanzia mwisho tu. Mapambo ni kitu cha mwisho kabisa na nyumba nyingi hata hazifiki huko, zinakuwa zimeshapendeza kabla. Kinachochosha nyumba ni uchafu ulioingia polepole, taa mbovu, msongamano wa vitu, na vidude vilivyoharibika ambavyo tumevizoea mpaka hatuvioni. Hizo zote ni kazi za kusafisha na za ufundi mdogo, hazitaki uwe na kipaji wala uzipende.

Sheria moja tu kabla hatujaanza: usinunue pambo lolote mpaka ufike hatua ya 8. Na fanya chumba kimoja mpaka kiishe ndo uende kingine. Anza na kile unachokaa muda mrefu zaidi, maana ukianza vyumba vyote kwa pamoja utaishi kwenye vurugu mwezi mzima na utaacha njiani.

## Vitu vya kuandaa

Tafuta hivi kwanza, kazi ikishaanza hutaki kukimbia kimbia kutafuta bisibisi.

- Maboksi au mifuko mikubwa mitatu
- Ndoo mbili, sponji, vitambaa laini vya kufutia, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo
- Ngazi imara (sio kiti juu ya meza, tafadhali)
- Bisibisi bapa na ya nyota, futi kamba, penseli
- Puti ya kuzibia nyufa na kisu kipana cha kuipakia
- Msasa namba 120 na 180
- Tepu ya karatasi ya wapaka rangi, maturubai au mashuka ya zamani ya kufunikia
- Rola, brashi ya inchi 2, trei ya rangi
- Barakoa na glavu
- Balbu (usinunue bado, soma hatua ya 5 kwanza)
- Rangi (hiyo nayo usinunue bado)

## Hatua ya 1: Piga picha chumba kilivyo

Simama kila kona ya chumba piga picha moja, zitakuwa nne. Mchana piga, na usiku taa zikiwa zimewaka piga tena. Usipange chochote kabla.

Sababu ni kwamba ukiishi na kitu kila siku macho yanaacha kukiona. Ile waya inayoning'inia nyuma ya tv, lile doa juu ya swichi, mlango wa kabati uliokaa upande, we huvioni tena ila kwenye picha vinaruka vyote mbele yako. Kaa na hizo picha, andika kwenye karatasi kila kinachokukera, hata kiwe kidogo vipi. Hiyo karatasi ndo ramani yako ya kazi.

Utajua umefanya vizuri kama orodha ina vitu kama kumi hivi au zaidi, na vingi ni vya kurekebisha kuliko vya kununua.

## Hatua ya 2: Toa, usipange

Kwenye chumba toa kila kitu kidogo kinachobebeka. Kila kitu. Vyote vilivyo juu ya meza, juu ya kabati, pembeni ya tv, ukutani, vipeleke chumba kingine. Sofa na makabati makubwa yaache.

Alafu tumia yale maboksi matatu: la kurudi, la kuondoka, na la sijui. Ukishindwa kuamua ndani ya sekunde chache weka kwenye sijui, funga, andika tarehe, weka stoo. Baada ya miezi 3 kama hujawahi kulifungua kutafuta kitu, hivyo vitu huvihitaji.

Watu wengi hapa wanakosea kwa kuanza kupanga, wananunua vikapu na maboksi mazuri ya kuhifadhia, wanahamisha msongamano tu kutoka wazi kwenda kwenye kikapu. Punguza kwanza. Na usirudishe kitu hata kimoja chumbani kwa sasa, kiache kitupu mpaka tumalize kazi, hata kusafisha kunakuwa rahisi.

## Hatua ya 3: Safisha kutoka juu kushuka chini

Usafi ninaousema hapa sio wa kila siku. Ni wa sehemu ambazo mkono haufiki: dari, feni, juu ya milango, fremu za madirisha, nyavu, swichi, skatingi. Vumbi linaanguka chini, kwa hiyo ukianza sakafu utairudia mara mbili. Anza na dari na kona zenye utando wa buibui, kisha feni na taa (zima kwanza), kisha madirisha, kuta, milango, sakafu mwisho.

Kwenye kuta kuna siri moja ambayo wengi hawaijui. Vumbi unalifuta kutoka juu, ila ukiwa unaosha kwa maji ya sabuni anzia chini upande juu. Maji machafu yakitiririka kwenye ukuta mkavu wenye uchafu yanaacha michirizi migumu sana kutoka, lakini yakitiririka kwenye sehemu uliyokwisha kuilowesha yanafutika kirahisi. Ndoo moja iwe ya sabuni, nyingine ya maji safi ya kusuuzia, na sponji uikamue vizuri, ukuta hautakiwi kulowa chepechepe. Jaribu kwanza nyuma ya mlango, kuna rangi za bei rahisi zinatoka na sponji.

Taa zenye vifuniko vya kioo zivue uzioshe. Vile vifuniko vikijaa vumbi na wadudu waliokufa vinakula mwanga mwingi sana. Pazia nazo fua sasa hivi, usiseme baadae.

Onyo: dawa za klorini za kung'arisha nguo usizichanganye kamwe na siki, wala na dawa zenye amonia, wala na dawa ya choo yenye asidi. Zinatoa gesi yenye sumu, chumba kikiwa kimefungwa ni hatari ya kweli kwa mapafu. Na siki usiitumie kwenye sakafu ya marumaru halisi au terazo, asidi yake inakula mng'ao na haurudi mpaka fundi apolishi upya.

Ukimaliza kaa chumbani dakika tano. Watu wengi huwa wanashangaa hapa, unakuta kuta walizotaka kuzipaka rangi zilikuwa chafu tu. Kama ukuta umetoka safi na sawa, hatua ya 6 iruke, umeokoa hela na siku mbili.

## Hatua ya 4: Rekebisha vidude vyote vidogo

Chukua ile orodha. Kaza kila skrubu iliyolegea, bawaba za makabati zirekebishe mpaka milango ikae sawa (bawaba nyingi za kisasa zina skrubu mbili, moja inasogeza mlango kulia na kushoto na nyingine ndani na nje, zungusha nusu mzunguko kisha angalia). Mlango unaopiga kelele tia mafuta kidogo kwenye bawaba. Waya zilizozagaa zikusanye zifunge pamoja nyuma ya meza.

Vishikio vya droo na makabati vikibadilishwa vyote kwa mara moja kabati la zamani linaonekana jingine kabisa. Kabla hujanunua, pima umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, katikati hadi katikati. Vingi huwa 96 mm au 128 mm. Ukinunua visivyolingana itabidi utoboe upya na matundu ya zamani yatabaki yanakuangalia.

Vifuniko vya swichi na soketi vilivyopauka au kupasuka badilisha, vinatakiwa vifanane chumba kizima. Zima meni swichi kwanza, hakikisha kwa tesa (kile kifaa cha kupimia umeme) kwamba hakuna umeme, ndo uguse. Ukikuta waya zimeungua, zimepauka au hazieleweki, rudisha kifuniko uite fundi umeme.

Bafuni, silikoni iliyoshika ukungu mweusi mara nyingi haisafishiki vizuri, usihangaike nayo. Ikate yote kwa kisu, futa, acha pakauke kabisa, weka mpya, usiipige maji kwa saa 24.

Hatua hii haina raha yoyote, naelewa. Lakini ndo inayobadilisha nyumba kuliko zote ukitoa taa, kwa sababu macho ya mgeni yanapokea hivi vitu vyote kwa pamoja hata kama hawezi kukutajia kimoja.

## Hatua ya 5: Taa, na hapa usiharakishe

Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kubadilisha kwenye nyumba iliyochoka ningechagua taa. Chumba kizuri chini ya taa mbaya kinaonekana kama ofisi ya kusubiria, na wengi wanakuwa wameshalaumu sofa na rangi ya ukuta kumbe shida iko juu pale.

Kwenye boksi la balbu kuna namba mbili za kusoma. Ya kwanza ina herufi K, hiyo ni rangi ya mwanga:

- 2700K hadi 3000K: mwanga wa njano laini, wa kutuliza. Sebuleni na chumba cha kulala.
- 4000K: mweupe wa kawaida. Jikoni, bafuni, meza ya kazi.
- 6500K: mweupe wa kuelekea bluu. Huu sebuleni unafanya ngozi za watu na rangi za vitu zionekane baridi, kama hauupendi usiuweke.

Ya pili ni lumeni (lm), hiyo ndo wingi wa mwanga. Wati siku hizi hazikuambii mwanga, zinakuambia umeme unaoliwa. Balbu ya LED ya lumeni kama 800 inalingana na ile balbu ya zamani ya wati 60. Sebule ya mita za mraba 12 inatosha kuwa na lumeni 1500 hadi 2000 kwa jumla, jikoni zidisha mara mbili kwa ukubwa huo huo. Kama boksi limeandika CRI au Ra chagua 90, isipungue 80, hiyo inaonyesha mwanga unatoa rangi za vitu kwa usahihi kiasi gani.

Kosa ninaloliona sana ni kuchanganya, balbu moja ya njano nyingine nyeupe chumba hicho hicho. Hata zingekuwa nzuri kila moja kivyake, pamoja zinavuruga. Badilisha zote siku moja ziwe na K ile ile.

La pili ni kutegemea taa moja ya katikati ya dari. Ile inamwaga mwanga juu ya vichwa, kona zinabaki giza na chumba kinaonekana kidogo. Gawa zile lumeni: taa ya dari, na moja au mbili za chini, ya mezani au ya kusimama, uiweke kona iliyo mbali na dirisha. Taa ya mezani yoyote itafaa, hata ya zamani uliyoitoa hatua ya 2.

Washa zote usiku, piga picha kutoka zile kona nne, linganisha na za mwanzo. Kama kona zote zinaonekana na hakuna mwanga unaokuchoma macho ukiwa umekaa, umefika.

## Hatua ya 6: Rangi, kama bado unaihitaji

Rangi inakuja baada ya taa kwa makusudi. Rangi ile ile chini ya 3000K inaelekea njano na chini ya 6500K inaelekea bluu, sasa ukichagua rangi kwa taa za zamani alafu ubadilishe taa, umeshapaka kitu ambacho hukukichagua.

### Kwanza kagua unyevu

Kama ukuta una rangi inayobanduka, unga mweupe au madoa ya maji, usipake chochote. Mimi niliwahi kufunika ukuta wa namna hiyo kwa rangi nzuri na ukabanduka tena muda si mrefu, kazi yote ikapotea, ndo maana nasisitiza.

Kata kipande cha nailoni angavu cha sm 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, acha siku 1 hadi 2. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani: tafuta bomba linalovuja, paa, mfereji, au maji yanayopanda kutoka ardhini. Yakiwa juu ya nailoni upande wa chumba, ni mvuke wa ndani, unatakiwa hewa ipite zaidi. Tibu chanzo, acha ukuta ukauke, ndo urudi hapa.

### Jua rangi iliyopo ni ya aina gani

Chovya pamba kwenye spiriti, sugua sehemu iliyojificha. Rangi ikilainika na kutoka kwenye pamba ni ya maji. Isipotoka ni ya mafuta, na ukipaka ya maji moja kwa moja juu yake itabanduka kama ngozi, kwa hiyo piga msasa mpaka mng'ao uishe, futa vumbi, paka praima ya kushika (rangi ya chini inayoshikisha ya juu), ndo rangi.

Onyo: kwenye nyumba za zamani rangi ya mafuta inaweza kuwa na madini ya risasi (lead) ndani yake. Vumbi lake ni sumu, na kwa watoto linaharibu ubongo. Kama una wasiwasi usiipige msasa mkavu kabisa, na watoto na wajawazito wasiwepo. Muite mtu anayejua kazi hiyo.

### Kiasi gani ununue

Jumlisha urefu wa kuta zote nne, zidisha kwa kimo, toa mlango na madirisha. Mfano chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha 2.7: kuta zinajumlisha mita 14, mara 2.7 ni 37.8. Toa mlango na dirisha kama 3.8, inabaki mita za mraba 34. Koti mbili ni 68. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inapaka kama mita 10 za mraba kwa koti moja, kwa hiyo unahitaji kama lita 7. Ukuta wenye mikwaruzo au lipu mpya unakunywa zaidi, ongeza.

### Rangi gani

Kama hupendi kuchagua chagua mara moja tu: nyeupe yenye joto kidogo, ile inayoelekea krimu kwa mbali, na uitumie nyumba nzima. Macho yanatembea chumba hadi chumba bila kukwama na marekebisho ya mbeleni yanakuwa rahisi maana una kopo moja la kukumbuka. Nunua kopo dogo kwanza, paka kwenye karatasi ngumu kubwa, iache ikauke, izungushe kila ukuta uiangalie asubuhi, mchana na usiku. Usiamue ikiwa mbichi, ikikauka inabadilika.

Kuta zenye mabonde chagua isiyong'aa (mati), inaficha. Yenye mng'ao inasafishika vizuri zaidi ila inaonyesha kila kasoro.

### Kupaka

1. Ziba nyufa na matundu kwa puti, acha ikauke, piga msasa 120 kisha 180. Pitisha kiganja, ukikihisi kibonde utakiona pia kwenye rangi.
2. Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu. Rangi haishiki kwenye vumbi.
3. Funika sakafu, weka tepu kwenye fremu, ikandamize ukingo wake kwa kucha ili rangi isipenye.
4. Kama una makopo zaidi ya moja yachanganye yote kwenye ndoo moja kubwa, hata makopo ya namba ile ile yanaweza kutofautiana kidogo na utaona mstari katikati ya ukuta.
5. Brashi kwanza kwenye kona na kingo, kisha rola hapo hapo kabla kingo hazijakauka. Maliza ukuta mzima bila kupumzika, ukisimama katikati mshono utaonekana.
6. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo (mara nyingi saa 2 hadi 4) kabla ya koti ya pili. Koti mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene inayotiririka.
7. Tepu itoe wakati koti ya mwisho bado ina ubichi kidogo, ivute taratibu kwa pembe. Ukisubiri ikauke kabisa inaondoka na rangi.

Fungua madirisha muda wote. Ukuta uliofanikiwa ukiumulika na tochi kwa pembeni hauonyeshi alama za rola wala viraka.

## Hatua ya 7: Rudisha fanicha tofauti na mwanzo

Usirudishe kila kitu palepale kwa mazoea. Vuta sofa mbele ya ukuta hata sm 10 tu, pumzi inapatikana. Njia ya kupita acha sm 75 hadi 90, kati ya sofa na meza ya katikati sm 40 hadi 45. Kapeti liwe kubwa kiasi miguu ya mbele ya sofa ikanyage juu yake, kikapeti kinachoelea peke yake katikati kinafanya chumba kionekane kidogo. Kama ulichonacho ni kidogo kipeleke chumbani pembeni ya kitanda.

Kisha ishi hivyo wiki moja. Usiongeze kitu.

## Hatua ya 8: Pazia na ukuta, ndo mapambo yenyewe

Pazia: bomba lipande sm 10 hadi 15 juu ya fremu au zaidi, na litokeze sm 15 hadi 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Kitambaa kiwe na upana mara mbili ya dirisha, na kifike chini kibakize kama sm 1 kutoka sakafuni. Pazia linaloishia katikati ya ukuta linachosha chumba haraka sana.

Picha: katikati ya picha iwe sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Watu wengi wanatundika juu mno. Ikiwa juu ya sofa, acha sm 15 hadi 20 kati yao, na upana wake uwe kama theluthi mbili ya sofa. Moja kubwa inakaa vizuri kuliko ndogo saba zilizotawanyika.

Fungua sasa lile boksi la kurudi. Kwa kila sehemu ya juu, meza au kabati, rudisha vitu visivyozidi vitatu vyenye vimo tofauti, simama mlangoni, angalia. Ukisita juu ya kitu fulani kirudishe kwenye boksi. Piga zile picha nne za mwisho, mchana na usiku, uziweke pembeni ya zile za kwanza. Kama kuna sehemu bado inakukera itazame vizuri, karibu kila mara utakuta ni kitu cha hatua ya 2 au ya 4 kilichorukwa, kwa hiyo rudi huko kabla hujaenda dukani, na hiyo karatasi ya orodha ihamishie chumba kinachofuata.